Uzi: Kifaa cha usikivu kinachopandikizwa sikioni, na mambo ambayo familia ikae iyajadili kabla ya upasuaji

Mleta uzi

Wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mara nyingi humu jukwaani mzazi huuliza upasuaji wa kumwekea mtoto kifaa cha kusikia unagharimu shilingi ngapi, majibu yanayofuata huwa ni tarakimu tupu zinazopishana, kisha mada inafia hapo. Bei ni jambo zito na tutaifikia. Hata hivyo, mimi ni mzazi wa mtoto anayetumia kifaa hicho hapa Dar es Salaam, na kwa maoni yangu familia inayoanza na bei imeanzia mwishoni. Yapo maswali mawili yanayotangulia: uziwi wa mhusika ni wa aina gani na umedumu kwa muda gani, na ni nani atakayekaa naye baada ya upasuaji, mwaka baada ya mwaka, mpaka sauti anazozipata zigeuke kuwa maneno.

Tuanze na sikio lenyewe, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Sauti inapoingia hutikisa ngoma ya sikio, mtikisiko hupokelewa na vifupa vitatu vidogo vya sikio la kati, kisha huingia katika koklea, ambayo ni mfereji mdogo uliojikunja kama gamba la konokono kwa mizunguko miwili na nusu hivi, nao umejaa majimaji. Ndani ya koklea zimo seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa umeme mdogo unaosafiri katika mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Seli zilizo karibu na mlango wa koklea hupokea sauti nyembamba, kama mluzi au ile sauti ya *s*, na zilizo kileleni ndani kabisa hupokea sauti nzito. Kwa binadamu seli hizi zikishakufa hazioti tena. Wengi wenye uziwi mkubwa wa sikio la ndani wamekwama hapo: mshipa wa fahamu upo na ubongo upo, ila seli za kuupelekea habari hazipo.

Shimesikio, yaani kifaa cha kawaida kinachovaliwa sikioni, hukuza sauti ili seli zilizobaki ziweze kuipokea, na kwa watu wengi wenye upungufu wa kusikia hicho kinatosha kabisa. Kifaa kinachopandikizwa hufanya kazi nyingine. Huziruka seli zilizokufa na kuupa mshipa wa fahamu umeme moja kwa moja. Nje, nyuma ya sikio, kuna prosesa yenye maikrofoni na betri, ambayo hunasa sauti na kuichambua kwa masafa yake, kutoka nzito hadi nyembamba. Waya mfupi huipeleka kwenye koili ya mviringo inayojishika kichwani kwa sumaku, na koili hurusha habari na nguvu ya umeme kupita ngozi, pasipo tundu lolote, hadi kwenye kipokezi kilichofichwa chini ya ngozi. Kutoka kwenye kipokezi hutoka uzi mwembamba laini wenye elektrodi, yaani vituo vidogo vya kutolea umeme, ulioingizwa ndani ya koklea. Elektrodi hizo, kwa vifaa vingi vya sasa, ni kati ya 12 na 22. Sauti nzito hupelekwa kwenye elektrodi zilizo ndani zaidi na sauti nyembamba kwenye zile za karibu na mlango, kwa kufuata mpangilio ule ule wa asili.

Naomba msomaji atulie kidogo juu ya hesabu hiyo: kazi ya maelfu ya seli imeachiwa elektrodi zisizozidi ishirini na kitu. Ndiyo maana daktari mkweli hatakwambia kwamba mtoto atasikia kama wewe. Atasikia kwa kiwango kinachoweza kumwezesha kujifunza kuzungumza, kuongea kwa simu na kusoma darasani na wenzake, lakini muziki utampa taabu, ukumbi wa harusi utampa taabu, na akivua prosesa usiku anarudi kwenye ukimya wake.

Kuhusu historia nitapita haraka. Mwaka 1957 jijini Paris, Djourno na Eyriès walionyesha kwamba umeme ukigusa mshipa wa kusikia mtu huhisi sauti. William House alifuata huko Los Angeles mwaka 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Graeme Clark wa Melbourne na wanandoa Ingeborg na Erwin Hochmair wa Vienna, kila upande kwa njia yake, walipandikiza vifaa vyenye elektrodi nyingi, navyo ndivyo vilivyofungua njia ya mtu kuelewa maneno bila kutazama midomo. Marekani iliidhinisha vifaa hivi kwa watoto kuanzia miaka miwili mwaka 1990, na baadaye umri huo ukashushwa hadi miezi tisa. Duniani kote vifaa vilivyokwisha kupandikizwa vimepita milioni moja. Hapa kwetu Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji huu mwaka 2017, na kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje ya nchi, hasa India.

Mleta uzi (inaendelea)

Sasa tuje kwenye nani anafaa na nani hafai, kwa kuwa hapa ndipo familia nyingi hupoteza muda ambao hauwezi kurudishwa.

Mtoto wa Dar akichelewa kusema, bibi atasema wavulana huchelewa, jirani atasema hata baba yake alichelewa, na mwingine atashauri akakatwe kimeo. Nyumbani watu humpima kwa kupiga makofi mgongoni pake au kubamiza mlango, mtoto anageuka, na wote wanapumua. Lakini mlango wa chuma ukibamizwa mtikisiko unapita sakafuni hadi kwenye nyayo, na makofi yanasukuma upepo shingoni. Kugeuka kwake si ushahidi kwamba amesikia. Kipimo cha kweli kwa mtoto mdogo ni kile cha mwangwi wa koklea, ambapo kidude laini huwekwa sikioni na kusikiliza kama seli zenye vinyweleo zinaitika, na kile cha mwitikio wa shina la ubongo, ambapo mtoto akiwa amelala hubandikwa vinasa umeme kichwani na kuchezeshewa sauti. Vyote viwili havihitaji mtoto ajibu chochote wala haviumi.

Uziwi ukithibitika kuwa mkubwa sana katika masikio yote mawili, mtoto hupewa kwanza mashimesikio yenye nguvu kwa miezi kadhaa na maendeleo yake hufuatiliwa. Isipoonekana faida ya kutosha katika kusikia na kusema ndipo mjadala wa kupandikiza huanza. Hapo hufuata picha za ndani ya kichwa, yaani CT skani, inayopigwa kwa mionzi, na MRI, inayopigwa kwa sumaku yenye nguvu. Picha hizi zina kazi mbili: kuona kama koklea ina umbo la kupokea elektrodi, na kuona kama mshipa wa fahamu wa kusikia upo. Wapo watoto wanaozaliwa bila mshipa huo au ukiwa mwembamba mno, na kwao kifaa hiki hakina pa kupeleka habari. Nawaomba wazazi msiviruke vipimo hivi eti kwa kubana matumizi.

Sababu za uziwi ni nyingi: kurithi, hata pale ambapo wazazi wote wawili wanasikia vizuri, mama kuugua rubela akiwa mjamzito, mtoto kuzaliwa njiti au kuchoka wakati wa kuzaliwa, manjano makali, na dawa kama gentamisini na streptomisini, ambazo huokoa maisha lakini zinaweza kuua seli za koklea. Chanjo ya surua na rubela iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014 ni kinga ya masikio pia, ingawa watu hawaifikirii hivyo.

Sababu moja naitenga kwa makusudi, nayo ni homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu unaweza kuingia kwenye koklea, na baada ya mgonjwa kupona, koklea huanza kujaa mfupa. Hali hiyo inaweza kuanza ndani ya wiki chache, na mfupa ukishajaa elektrodi hazipiti au zinaingia nusu tu. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe usikivu mapema kabisa, na akikutwa na uziwi mkubwa asiambiwe kusubiri miezi sita ya kujaribu shimesikio. Kwake yeye haraka ndiyo tiba.

Kwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, saa inayokimbia ni ya ubongo. Sehemu ya ubongo inayopaswa kupokea sauti, isipopata sauti, hupewa kazi nyingine. Watoto wanaopandikizwa kabla ya miaka mitatu na nusu hivi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupata lugha ya kusema, na kadiri inavyokuwa mapema ndivyo inavyokuwa bora. Baada ya miaka saba, kwa mtoto ambaye hajawahi kusikia kabisa, nafasi hiyo hupungua sana.

Mleta uzi (inaendelea)

Upasuaji wenyewe, ambao ndio huwatia watu hofu, ndio nitakaoueleza kwa maneno machache zaidi. Mgonjwa hupewa nusu kaputi. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo hufungua ngozi nyuma ya sikio, hutoboa mfupa kwa uangalifu akipita kati ya mshipa wa fahamu wa uso na ule wa ladha, huifikia koklea na kuingiza elektrodi, kisha hukilaza kipokezi chini ya ngozi na kushona. Mara nyingi kazi hii huchukua saa mbili hadi nne. Kabla ya kumaliza, wataalamu hukijaribu kifaa papo hapo mezani kuona kama mshipa unaitika. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani ndani ya siku moja au mbili.

Hatari zake zipo: kizunguzungu, ladha kubadilika kwa muda, maambukizi ya kidonda, na kwa nadra udhaifu wa uso. Usikivu mdogo uliokuwa umebaki kwenye sikio hilo unaweza kupotea, kwa hiyo uamuzi huu haupaswi kufanywa kwa sikio ambalo bado linasaidiwa vizuri na shimesikio. Hatari ya homa ya uti wa mgongo nayo huongezeka kidogo, ndiyo sababu chanjo ya nimonia, ambayo hukinga pia aina mojawapo ya homa hiyo, hukaguliwa kwenye kadi ya kliniki na kukamilishwa mapema.

Baada ya upasuaji mtoto hasikii chochote. Nalisema wazi kwa sababu ndugu watakuja na maji ya matunda, watamwita jina lake, na watanong'onezana kwamba fedha zimeliwa. Kidonda huachwa kipone kwa wiki mbili hadi nne au zaidi, ndipo prosesa huwashwa kwa mara ya kwanza.

Na siku ya kuwasha isahauni ile mliyoiona kwenye simu, mtoto akitabasamu huku mama akilia kwa furaha. Hutokea, lakini wengi hulia kwa woga, wengine huganda, wengine huendelea kuchezea gari lao kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtaalamu huanza na umeme mdogo sana na kupandisha taratibu, akitafuta kwa kila elektrodi kiwango cha chini ambacho mtoto anaanza kukihisi na kiwango cha juu ambacho bado hakimkeri. Mpangilio huo, ambao kliniki huuita mapu, hurekebishwa tena na tena katika mwaka wa kwanza, na baadaye mara moja au mbili kwa mwaka maisha yote. Mtu anayeishi Kilwa au Mafia aipigie hesabu nauli hiyo tangu mwanzo.

Mtoto aliyewashiwa kifaa akiwa na miaka miwili ana umri wa kusikia wa sifuri. Asilinganishwe na binamu yake aliyezaliwa mwaka mmoja naye. Atapitia kwanza kutambua kwamba sauti ipo, kisha kwamba sauti zinatofautiana, kisha kwamba sauti fulani ni jina lake au ni maji au ni "njoo", na kusema kutakuja nyuma ya hayo. Mtaalamu wa matamshi atamwona kwa saa chache za wiki, na saa zote zilizobaki ni za nyumbani.

Nieleze zoezi moja tunalolifanya asubuhi, kwa sababu halihitaji fedha. Daniel Ling, mwalimu wa viziwi, alipendekeza sauti sita zinazogusa masafa yote ya usemi, kutoka nzito hadi nyembamba: *m*, *u*, *a*, *i*, *sh* na *s*. Zote zimo katika Kiswahili, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri. Mtoto anakaa na bakuli na vizibo vya soda. Mimi nasimama ubavuni, upande wenye kifaa, ili asione midomo, natamka sauti moja, nanyamaza kwa muda usiotabirika, natamka nyingine. Kila anaposikia anatumbukiza kizibo. Asubuhi moja aliitika kwa *m* na *u* na *a*, lakini *sh* na *s* zikampita kabisa, na shangazi yake akadhani ni ukaidi. Vifuniko vya maikrofoni vilikuwa vimelowa jasho. Vilipobadilishwa, kizibo kiliingia kwenye bakuli kabla sijamaliza *s*. Tangu hapo ndani ya nyumba yetu mtoto halaumiwi kwa kutosikia kabla betri, waya, koili na maikrofoni havijakaguliwa.

Mengine ni ya adabu ya nyumba. Zimeni televisheni mnapozungumza naye. Feni ya mezani isielekezwe kwenye maikrofoni. Semeni karibu naye badala ya kupaza sauti kutoka jikoni, na mtajeni jina kabla ya kumwambia jambo. Unapomwogesha, mweleze kwa maneno yote unachokifanya kabla hujamvua kifaa, si baada ya hapo.

Mchangiaji kutoka Gongo la Mboto

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa maelezo yaliyoshiba. Binti yangu ana miaka sita na hajawahi kusikia tangu kuzaliwa. Nimesoma hapo juu kuhusu umri na moyo umekufa ganzi. Je, nimechelewa?

Mleta uzi

Dada yangu, pole kwa mawazo. Jibu la haki ni kwamba kwa lugha ya kusema umechelewa kiasi, na kiasi hicho hupimwa na timu ya wataalamu, hakipimwi na mimi. Watakuuliza kama amewahi kuvaa shimesikio na kwa muda gani, kwa sababu masikio yaliyopata hata sauti kidogo kwa miaka kadhaa hayalingani na yale ambayo hayajapata kitu. Inawezekana wakasema kifaa kitampa sauti za mazingira, kama honi, mlango na jina lake likiitwa, lakini kisimpe usemi mwepesi. Wakisema hivyo, usiuze kiwanja kwa matumaini ya jambo ambalo hujaahidiwa.

Ila kuna jambo lisilosubiri jibu la daktari. Binti wa miaka sita anahitaji lugha sasa hivi, na lugha ya alama ni lugha kamili. Apelekwe kwenye shule inayoitumia, kama ile ya Viziwi Buguruni, na nyumbani mjifunze pamoja naye.

Mchangiaji kutoka Ilala

Nachangia nikiwa kiziwi wa kuzaliwa, nina familia, nina kazi, natumia Lugha ya Alama ya Tanzania. Nina mashaka na mada za namna hii kwa sababu huanza kwa kudhani kwamba mtoto kiziwi ni mtoto aliyeharibika. Nimekutana na wazazi walioambiwa wasimwonyeshe mtoto alama hata moja eti atakuwa mvivu wa kusema. Kifaa kilipomshinda, mtoto akabaki hana usemi na hana alama.

Mleta uzi

Kaka, umeleta hoja ambayo ilipaswa kuwa kwenye bandiko la kwanza. Mtoto hukaa miezi au miaka kati ya kugundulika na kuanza kuelewa maneno, na kipindi hicho chote ubongo wake unadai lugha. Wako wataalamu wanaoshikilia kwamba alama humpunguzia mtoto bidii ya kusikiliza, na mjadala huo bado upo duniani. Mimi siungi mkono kumnyima mtoto lugha anayoweza kuipata leo kwa ajili ya ile anayoweza kuipata kesho. Nyumbani kwetu tunatumia vyote viwili, na usiku prosesa ikiwa kwenye chaja alama ndizo zinazozungumza. Ningewashauri wazazi wakutane na watu wazima viziwi kabla ya kuamua, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia.

Naongeza tu kwamba kumpandikizia mtoto hakumwondoi katika uziwi. Ni kiziwi anayetumia kifaa.

Mchangiaji kutoka Kimara

Mzee wangu ana miaka sitini na tano, alikuwa akisikia vizuri, usikivu ukapungua taratibu na sasa hata shimesikio halimsaidii. Je, kwa umri huo kuna maana?

Mleta uzi

Mkuu, kwa mzee wako habari ni njema kuliko unavyodhani. Umri mkubwa peke yake si kizuizi, mradi afya yake inavumilia dawa ya usingizi. Yeye ana lugha tayari na ubongo wake unazijua sauti, kwa hiyo anachofanya ni kuzitambua upya zikiwa zimevaa namna nyingine. Wengi husema mwanzoni watu wote wanasikika kama roboti au kama filimbi, kisha baada ya wiki na miezi sauti hurudi kuwa za watu. Kinachoangaliwa zaidi ni muda aliokaa bila kusikia. Aliyepoteza usikivu miaka mitatu iliyopita kwa kawaida hufanya vizuri kuliko aliyekaa miaka thelathini kimya, kwa hiyo msiuvute muda. Na kama analalamika mlio masikioni, mwelezeni daktari, kwa kuwa wengine mlio hupungua baada ya kifaa kuwashwa. Mazoezi yake yawe ya kila siku, mjukuu amsomee gazeti na yeye arudie anachosikia.

Mchangiaji kutoka Tegeta

Sasa tuambie bei, maana umetuzungusha vya kutosha.

Mleta uzi

Ni makumi ya mamilioni ya shilingi kwa sikio moja, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni kifaa chenyewe, si kazi ya daktari. Sitaandika tarakimu moja kwa sababu hutofautiana kwa aina ya kifaa, thamani ya dola na mchango wa serikali au wafadhili kwa wakati husika. Nendeni na rufaa, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini na bima yenu, na mtakalojibiwa liandikwe kwenye karatasi.

Nitawapa maswali ya kuuliza kabla ya kulipa. Bei hiyo imebeba vipimo, prosesa, chaja, waya na koili za akiba, au vinalipiwa kando? Mapu ya mwaka wa kwanza imo? Kuna mtaalamu wa matamshi, na anapatikana mara ngapi? Dhamana ni ya miaka mingapi? Mara nyingi sehemu ya ndani hupewa dhamana ya miaka 10 na ya nje hupewa miaka michache tu. Prosesa ikiharibika hapa Dar, ni nani anaitengeneza, na mtoto atavaa nini wakati anasubiri? Hilo la mwisho ndilo litakalowauma zaidi. Waya hukatika, mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia, na mtoto aliyekaa wiki tatu bila kifaa kwa kukosa waya amepoteza wiki tatu za lugha. Prosesa yenyewe hubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na kampuni hufika wakati zikaacha kutengeneza vipuri vya toleo la zamani. Anzeni kuweka akiba ya prosesa inayofuata mwaka ule ule mnapolipia ya kwanza, hata kama ni kidogo kidogo kupitia kikundi cha kuweka akiba.

Kuhusu sikio moja au mawili: katika nchi tajiri mtoto hupewa yote mawili kwa pamoja, na kwetu wengi huishia moja kwa sababu ya fedha. Moja linatosha kujenga lugha. Linachokosa ni uelekeo. Mtoto wa sikio moja atasikia honi ya bodaboda lakini hatajua inatoka upande gani, kwa hiyo kuvuka barabara afundishwe kwa macho.

Mchangiaji kutoka Upanga

Kwa anayevaa hijabu, je, hakuna tatizo? Na akienda kuoga baharini, au siku moja akahitaji MRI?

Mleta uzi

Hijabu haina tatizo, koili na prosesa hukaa chini yake, ila kitambaa kizito kikifunika maikrofoni sauti hufifia, kwa hiyo chagueni chepesi. Kwa wasichana wanaosukwa, mwambieni msusi aache nafasi bapa mahali koili inapokaa, kwa kuwa mafundo ya rasta hunyanyua sumaku na mawasiliano hukatika. Sumaku ikikaza mno na ngozi ikawa nyekundu, rudini kliniki wabadilishe nguvu yake.

Baharini sehemu ya nje huvuliwa, au huvalishwa kifuniko chake cha kuzuia maji kama kipo. Ile ya ndani haidhuriki kwa kuogelea kwa kawaida. Adui mkubwa wa kifaa katika jiji letu ni unyevu na jasho, kwa hiyo kila usiku prosesa ilale kwenye chombo kinachofungika chenye vidonge vya kukausha, na betri za kuchaji ziwe zaidi ya seti moja kwa ajili ya siku ambazo umeme umekatika au Luku imeisha. Mpira wa miguu acheze, ngumi asipigane.

MRI inawezekana kwa vifaa vingi vya sasa, kwa masharti ya mtengenezaji yanayotofautiana kwa kila toleo. Baadhi huhitaji kichwa kifungwe bandeji imara, baadhi ya vile vya zamani huhitaji sumaku itolewe kwanza kwa upasuaji mdogo, na prosesa ya nje haiingii kabisa katika chumba hicho. Akifanyiwa upasuaji mwingine wowote, daktari aelezwe mapema, kwa kuwa baadhi ya mashine za umeme za kukatia na kuzuia damu hazipaswi kutumika karibu na kichwa chake. Kadi inayoonyesha aina na namba ya kifaa ipigwe picha, ihifadhiwe kwenye simu za watu wazima wote wa nyumbani, na nakala ikae shuleni kwenye faili la mtoto.